Nyonga ya Mchezaji wa Barafu

Barabara itokayo Nairobi na kupita Ongata Rongai hufika Kiserian, mji ulio chini ya Vilima vya Ngong, na kutoka hapo huteremka katika Bonde la Ufa mpaka Magadi. Mwisho wa njia hiyo ni ziwa jeupe lililoganda magadi juu yake, na mgeni aliionaye kwa mbali wakati wa adhuhuri angeweza kuapa kwamba ni barafu. Si barafu, joto la mahali pale laweza kumfukuza hata mjusi jiweni. Basi msomaji wa Kiserian ana haki ya kuuliza ana jambo gani yeye na watu wa nchi za baridi watelezao juu ya maji yaliyoganda. Jibu ni kwamba ana nyonga mbili kama wao, na yaliyopata nyonga zao kwa muda wa miaka mia moja na arobaini yamewafunza madaktari mambo mengi juu ya nyonga za watu wote.

Kwanza tutazame kiungo chenyewe. Mfupa wa paja, ambao ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, una kichwa cha mviringo mfano wa mpira mdogo. Kichwa hicho kimeingia katika bakuli la mfupa wa kiuno, na ukingo wa bakuli umezungushiwa pete ya gegedu laini ishikayo kichwa kisichomoke. Kichwa na bakuli vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu nyororo, na katikati mna ute wa kulainisha. Gegedu hilo ni ajabu ya maumbile, kwa maana huteleza kuliko barafu yenyewe. Lakini lina udhaifu mmoja mkubwa: halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kuwa halina damu, likichanika halipati chakula cha kujiponya vema. Na kwa kuwa halina fahamu, laweza kuliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi pasipo mwenyewe kuhisi. Maumivu huja baadaye, mfupa ulio chini yake unapoanza kufikiwa. Waswahili humwita mpenzi wao nyonga mkalia ini, na aliyebuni sifa hiyo hakukosea kuchagua kiungo, kwani hakuna kingine mwilini kilichofichika ndani kama hicho na kubeba mzigo mkubwa kama wake.

Mzigo huo wastahili kuelezwa kwa hesabu. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, uzito wa mwili wake huwa upande wa ndani wa nyonga, mbali nayo kidogo, nao hutaka kumwangusha. Misuli ya upande wa nje ya nyonga hapana budi ivute ili kumzuia. Lakini misuli hiyo imeshikwa karibu na kiungo, na mwenye kuvuta mizani kwa mkono mfupi hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kuliko aliye upande wa mkono mrefu. Kiungo kilicho katikati hubeba jumla ya vyote viwili, uzito na mvuto. Kwa hiyo mtu mwenye uzito wa kilo 60, akitembea tu kwenda sokoni, kila hatua nyonga yake hubeba kama kilo 150 au 180. Ikiwa kwenda sokoni ni hivyo, fikiri yampatayo arukaye juu, akazunguka mara tatu, akatua kwa mguu mmoja.

Kuruka huko hakukuwapo tangu awali. Watu wa kaskazini ya Ulaya waliteleza tangu kale sana kwa kufunga mifupa ya wanyama chini ya viatu, kusudi wavuke mito na maziwa wakati wa baridi. Chuma kilifuata baadaye, na kutoka safari kukazaliwa mchezo. Katika miaka ya 1860 Mmarekani aitwaye Jackson Haines, aliyekuwa mcheza dansi, alivuka bahari akaenda Ulaya, na watu wa Vienna wakampenda kwa jinsi alivyoteleza kwa kufuata muziki. Mwaka wa 1882, katika mashindano ya mji huo huo, Axel Paulsen wa Norwe aliruka huku akitazama mbele, akazunguka mara moja na nusu hewani, akatua akienda kinyumenyume. Mruko huo waitwa kwa jina lake hata leo. Chama cha kimataifa cha mchezo kikaundwa mwaka wa 1892, na mwaka wa 1909 Msweden Ulrich Salchow akaongeza mruko mwingine wenye jina lake.

Hata hivyo, kwa muda mrefu kuruka kulikuwa pambo tu. Kiini cha mchezo kilikuwa kuchora. Mchezaji alipewa barafu safi, akatakiwa kuchora juu yake, kwa makali ya chuma cha kiatu chake, duara mbili au tatu zilizogusana, kisha kuzirudia juu ya mistari ile ile. Waamuzi waliinama kuchungulia mistari kama seremala achunguliavyo ubao. Hadi mwaka wa 1968 kazi hiyo ya kuchora ilikuwa na sehemu 60 katika 100 ya alama zote. Ilikuwa kazi ya polepole, iliyotaka saa nyingi za mazoezi ya utulivu kila siku, na ambayo haikumrusha mtu hewani hata mara moja.

Ndipo televisheni ilipoingia. Watazamaji majumbani hawakuweza kuona mistari ya barafuni, wala hawakutaka. Walitaka kuona watu wakiruka. Alama za kuchora zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, na baada ya mwaka wa 1990 zikaondolewa kabisa katika mashindano makubwa. Mimi naona kuwa mwaka huo ni mkubwa katika historia ya nyonga kuliko mwaka wa kuvumbuliwa kwa mruko wowote. Saa zile zilizokuwa za kuchora hazikugeuka kuwa saa za kupumzika. Ziligeuka kuwa saa za kuruka.

Na miruko yenyewe ilikuwa imekwisha kukua. Mmarekani Dick Button alizunguka mara mbili na nusu mwaka wa 1948, na mara tatu kamili mwaka wa 1952. Vern Taylor wa Kanada alifikisha tatu na nusu mwaka wa 1978. Kurt Browning, Mkanada pia, alitimiza mizunguko minne huko Budapest mwaka wa 1988, na mwezi wa Septemba 2022 kijana wa Kimarekani Ilia Malinin akafikisha minne na nusu. Yote hayo hutendeka kwa muda usiotimia sekunde moja. Wapimaji wameona kwamba nguvu ya kutua yaweza kufika mara tano hadi nane ya uzito wa mwili. Na huo si mzigo wa siku ya mashindano peke yake, bali wa mazoezi, ambapo mruko mmoja hurudiwa makumi ya mara kwa siku, na mingi huishia kwa kuanguka ubavu juu ya barafu ngumu.

Hapa yafaa kurudi Kiserian, maana msomaji wa Kajiado aweza kusema kwamba kuruka si jambo geni kwake. Ni kweli. Katika ngoma ya Kimaasai iitwayo adumu, wamorani huruka juu sana, wima kama mikuki, mmoja mmoja au wawili wawili, huku wenzao wakiimba. Lakini tazama vizuri jinsi wanavyotua. Morani hutua kwa miguu yote miwili pamoja, nusu kwa nusu. Hutua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, na kisigino hakigusi chini. Na papo hapo huruka tena. Kifundo cha mguu, goti na misuli ya ndama ya mguu hupokea pigo kwanza na kulitumia, kama chuma cha kudundisha. Udongo nao una huruma kiasi fulani. Mwili haukupinda wala kuzunguka.

Mchezaji wa barafu ni kinyume cha hayo karibu katika kila jambo. Hutua kwa mguu mmoja, na siku zote mguu ule ule. Azungukaye kwa mkono wa kushoto, kama wafanyavyo walio wengi, hutua kwa mguu wa kulia maisha yake yote. Hutua akienda kinyumenyume, mwili ungali unazunguka, na nyonga ndiyo itakiwayo kuuzuia mzunguko huo. Kiatu chake ni kigumu mno, kimefungwa juu ya kifundo ili kisiteguke, na kwa sababu hiyo kifundo hakiwezi kupokea sehemu yake ya pigo. Pigo lisilopokewa chini hupanda juu. Wazee wetu wangesema mzigo alioukataa mdogo humwangukia mkubwa. Tena kuna mikao ya kuzunguka, mguu ukiinuliwa mpaka juu ya kichwa na kushikwa kwa mikono kutoka nyuma, ambayo huisokota nyonga hadi mwisho wa uwezo wake. Na hesabu ya alama iliyoanzishwa mwaka wa 2004 iliipa mikao hiyo thamani kubwa.

Madhara yalionekana kwa walio mashuhuri kwanza, kwa kuwa hao ndio watazamwao. Tara Lipinski wa Marekani alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Nagano mwaka wa 1998 akiwa na umri wa miaka 15. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 18, alipasuliwa nyonga, ikaonekana kwamba pete ile ya gegedu imechanika. Mwenzake Michelle Kwan, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano, alijitoa katika Olimpiki ya Torino mwaka wa 2006 kwa maumivu ya kinena, na mwaka huo huo akapasuliwa nyonga kwa sababu ya mchaniko wa namna hiyo hiyo. Rudy Galindo, bingwa wa Marekani wa mwaka wa 1996, alipatikana na ugonjwa mwingine: damu ilikuwa haifiki katika vichwa vya mifupa ya mapaja yake, na mfupa usiopata damu hufa na kubomoka. Mwaka wa 2003 alibadilishiwa nyonga zote mbili.

Miaka hiyo hiyo daktari mpasuaji Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza jambo lililofumbua macho ya wengi. Mwaka wa 2003 waliandika kwamba katika watu wengi gegedu haliliwi kwa uzee mtupu, bali kwa mgongano. Shingo ya mfupa wa paja ikiwa nene kuliko kawaida, au ukingo wa bakuli ukizidi, basi kila mguu uinuliwapo mifupa hugongana, na pete ya gegedu iliyo katikati husagwa. Wachunguzi waliofuata waliona kwamba unene huo wa shingo hutokea zaidi kwa vijana wafanyao michezo mizito wakati mfupa wao ungali unakua. Hili ndilo jambo zito kwa wasomaji wa umri wenu. Mfupa wa kijana wa miaka 13 ni kama udongo wa mfinyanzi ambao haujakauka. Huchukua umbo la kazi anayopewa. Kazi hupangwa na mwalimu wa michezo na wazazi, makofi hupigwa na watazamaji, lakini deni hulipwa na mtu mzima wa miaka 40 ambaye hakuwapo kwenye mashauri. Chama cha kimataifa kilichukua hatua mwezi wa Juni 2022, kikakata shauri kuongeza umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, daraja kwa daraja. Wapo waliosema ni kuchelewa. Mimi nasema ni afadhali, ijapokuwa haigusi saa za mazoezi za mtoto wa miaka 11.

Sasa kuna kundi jingine la wachezaji, nalo lisisahauliwe: watu wazima waanzao mchezo huu wakiwa na miaka 30, 50, hata 60, au waliouacha utotoni wakaurudia. Huko Marekani mashindano yao ya taifa yalianza mwaka wa 1995, na tangu mwaka wa 2005 mji wa Oberstdorf nchini Ujerumani umewakaribisha watu wazima wa mataifa mengi. Hawa hawana miruko ya mizunguko minne. Taabu yao ni ya namna nyingine. Mchezo hutaka mguu ufunguke nje kutoka nyongani, na nyonga ya mtu mzima imekwisha kukaza umbo lake. Akilazimisha, kiuno na goti hulipa. Tena huanguka, na mfupa wa mtu wa makamo, hasa wa mwanamke aliyekoma hedhi, huvunjika kwa urahisi zaidi. Pamoja na hayo madaktari wengi hawawakatazi. Gegedu halina damu, na hulishwa na ute wa kiungo unaosukumwa ndani na nje yake kila kiungo kinapotembezwa. Kiungo kisichotumika kabisa nacho huharibika. Shida ni kujua kiasi.

Hata Kenya imepata barafu yake. Mwaka wa 2005 ukumbi wa kuteleza ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa mjini Nairobi, na hapo ndipo walipojifunzia vijana wa timu ya mpira wa magongo wa barafuni iitwayo Ice Lions, waliosafiri hadi Kanada mwaka wa 2018. Kutoka Kiserian hadi mahali pale si mbali kwa matatu. Kwa hiyo habari hii si ya ng'ambo tupu.

Lakini nyonga zetu zina historia yake mbali na barafu. Madaktari wamegundua kwamba katika sehemu nyingi za Afrika kuteguka kwa nyonga kwa watoto wachanga ni kwa nadra sana, hali kuna mataifa ambayo jambo hilo ni la kawaida. Sababu mojawapo itajwayo ni mbeleko. Mtoto abebwaye mgongoni kwa leso au kanga huwa amepanua mapaja, na kichwa cha mfupa hukaa barabara katikati ya bakuli, na bakuli hukua kwa kina. Mtoto anyoshwaye miguu na kufungwa kwa nguo kama mzigo, au kwenye ubao kama walivyofanya baadhi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, yumo hatarini zaidi. Na bakuli lisilo na kina huliwa upesi mtu akisha kuwa mzima. Mama wa Kiserian aendaye kisimani na mtoto mgongoni hatibu nyonga kwa kukusudia, lakini anaitibu. Kwa upande mwingine, pwani na kando ya Ziwa Viktoria kuna ugonjwa wa selimundu, ambao huziba mishipa midogo ya damu, na vijana wengi wenye ugonjwa huo hufikwa na yale yale yaliyompata Galindo, bila kupata kugusa barafu.

Kiungo kikiisha kuharibika, hufanywaje? Mtu wa kwanza kujaribu sana alikuwa Themistocles Gluck wa Berlin. Karibu na mwaka wa 1890 alitengeneza viungo vya bandia kwa pembe za ndovu, vya goti na vya nyonga. Zama hizo soko kuu la pembe duniani lilikuwa Unguja, na pembe hizo zilitolewa bara kwa mabega ya wapagazi. Ulaya zilikuwa vifunguo vya kinanda na mipira ya biliadi. Gluck akazitia katika miili ya watu. Hakufaulu, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na vidonda vikaoza. Pembe yenyewe haikuwa wazo baya: tangu mwaka wa 1960 daktari San Baw wa Mandalay, Burma, aliwatilia mamia ya wagonjwa vichwa vya nyonga vya pembe, na wengi walitembea tena.

Aliyefaulu kabisa ni Mwingereza John Charnley, wa hospitali ya Wrightington katika jimbo la Lancashire. Kwanza alitumia bakuli la Tefloni, ile plastiki nyeupe itelezayo. Wagonjwa kama mia tatu walitiwa, wakafurahi. Kisha baada ya miaka michache Tefloni ikalika, na vumbi lake likadhuru nyama na mifupa iliyo karibu, ikabidi wapasuliwe tena mmoja mmoja. Charnley alijitia vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utafanyaje. Mwaka wa 1962 mchuuzi mmoja alileta karakanani plastiki nyingine, aina ya polithini ngumu iliyotumiwa kwa magurudumu ya meno ya mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliitazama akaidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakuidharau. Aliitia katika mashine ya kusugua, ikasuguliwa usiku na mchana, na kwa majuma matatu ikalika kidogo kuliko Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka huo Charnley alimtilia mgonjwa wa kwanza bakuli la plastiki hiyo pamoja na kichwa cha chuma. Nyonga za namna hiyo, zikiwa zimeboreshwa, ndizo zitiwazo leo duniani kote, hata katika hospitali za Kenya kama ile ya PCEA Kikuyu, ng'ambo ya Vilima vya Ngong.

Nyonga ya bandia nayo huliwa. Ndiyo maana madaktari huogopa kumpa kijana wa miaka 25: yeye atatembea miaka mingi kuliko plastiki yake. Galindo alirudi barafuni na kuruka akiwa na nyonga mbili za kutengenezwa, watu wakashangilia, na wapasuaji wengi wasingemshauri mtu mwingine kufanya vile. Charnley alitaka kujua kwa yakini plastiki huliwa kiasi gani, naye alijua kwamba picha za eksirei hazitoshi. Akawaomba wagonjwa wake, wangali hai na wakitembea, waandike kibali kwamba wakifa nyonga zile zirudishwe Wrightington. Wengi walikubali. Mmoja baada ya mwingine, miaka ikipita, zilirudi. Zikaoshwa, zikapimwa unene wake, na kila milimita iliyopungua ikaandikwa mbele ya hesabu ya miaka ambayo mwenyewe alitembea.